Kutoka Kukwanguliwa hadi Kuzibwa: Historia ya Utando wa Schneider na Mipasuko Yake katika Upandikizaji wa Mfupa kwenye Sainasi ya Taya la Juu

Utangulizi

Insha hii inajadili historia ya jeraha moja la upasuaji wa kinywa, yaani kuchanika kwa utando wa Schneider wakati daktari anapoinua sakafu ya sainasi ya taya la juu ili kujaza mfupa utakaoshika vipandikizi vya meno. Mada hii imeandikwa sana na madaktari na imeguswa kidogo mno na wanahistoria. Makala za kitabibu zinapotaja historia huishia katika aya moja ya mwanzo: humtaja Tatum, humtaja Boyne, kisha hupita. Dai letu ni kwamba aya hiyo inaficha jambo la msingi. Utando ambao leo kuutoboa huandikwa kuwa dosari ya upasuaji, kwa miongo mingi ulikwanguliwa na kutupwa kwa makusudi, tena na madaktari waliokuwa wakifungua ukuta uleule wa mfupa. Mpasuko haukuwa tatizo la kutafutiwa dawa hadi pale utando ulipopewa kazi ya kufanya.

Kwa msomaji asiye wa fani ya meno, maelezo mafupi ya upasuaji wenyewe yanahitajika. Gego la juu linapong'olewa, mfupa uliolishikilia husinyaa kutoka chini, na sainasi iliyo juu yake hupanuka kuelekea chini. Baada ya miaka kadhaa, mfupa unaobaki katikati unaweza kuwa wa milimita chache tu, ilhali kipandikizi cha kawaida cha titaniamu kina urefu wa kama milimita 10. Njia ya upande ya kutatua jambo hili ni kufunua fizi, kuchonga dirisha dogo katika ukuta wa nje wa sainasi, kuubandua utando taratibu kutoka kwenye mfupa pasipo kuutoboa, kuuinua, na kujaza mfupa katika nafasi iliyopatikana chini yake. Utando huwa paa, na kilichojazwa huwa sakafu mpya. Paa hilo, likiwa na afya, lina unene wa baina ya milimita 0.13 na 0.5. Madaktari wanaojifunza kazi hii hupewa yai bichi: wachonge ganda, waliondoe, na wauache mzima utando ulio ndani yake. Paa likitoboka, chembe za mfupa huweza kupenya na kuelea ndani ya sainasi, zikaziba tundu la asili linalopitisha ute kwenda puani, na uambukizo ukafuata. Hata uambukizo usipotokea, damu iliyoganda ambayo ndani yake mfupa mpya hujengeka hukosa utulivu.

Neno kuhusu istilahi. Maandishi ya Kiingereza aghalabu hutumia neno moja la kitaalamu kwa kila jeraha la utando huu, liwe dogo au kubwa. Kiswahili hakituruhusu uvivu huo. Kilichotoboka kina tundu. Kilichochanika kina mpasuko wenye kingo mbili. Kilichoraruka kimepoteza umbo. Tundu hutiwa kiraka, mpasuko hushonwa, na kilichoraruka mara nyingi huachwa hadi siku nyingine. Mtafiti alianza kuvitumia vitenzi hivi vitatu kwa sababu tu ya kupanga madaftari yake, lakini kadiri alivyoendelea alibaini kuwa sehemu ya mabishano ya miaka ya 2000 inatokana na kuhesabu majeraha yasiyofanana chini ya jina moja. Aidha, ili kuepuka mkanganyiko, neno "kipandikizi" katika insha hii limetengwa kwa ajili ya mzizi wa titaniamu pekee. Mfupa unaowekwa chini ya utando unaitwa "mfupa wa kujazia", uwe umetolewa kwa mgonjwa mwenyewe au la.

Mwanamke na unyoya wake

Uwazi ulio ndani ya taya la juu ulichorwa na Leonardo da Vinci mnamo 1489, katika michoro yake ya fuvu la kichwa. Michoro hiyo haikuchapishwa zama zake, hivyo haikuwafunza madaktari wa kizazi kilichofuata. Aliyeupa uwazi huo nafasi katika elimu ya mwili ni Nathaniel Highmore, daktari wa Uingereza, katika kitabu chake cha anatomia cha mwaka 1651. Jina lake lilibaki likitajwa pamoja na uwazi huo kwa karne tatu.

Ndani ya kitabu hicho kuna kisa ambacho wanahistoria wa meno hukinukuu kama kichekesho, nasi tunakichukulia kwa uzito zaidi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na meno aling'olewa chonge la juu. Pamoja na jino kilitoka kipande cha mfupa, na kuanzia hapo majimaji yakawa yanatiririka kinywani bila kukoma. Akitaka kujua chanzo, alichukua sindano ya fedha akaiingiza katika shimo la jino, ikazama. Kisha akachukua unyoya, akauondolea manyoya yake, akauingiza, nao ukaenda mbali kiasi kwamba aliamini umefika kwenye ubongo. Alipomwendea Highmore akiwa na hofu, daktari alimweleza kuwa unyoya ulikuwa umejipinda na kuzunguka ndani ya uwazi wa mfupa, wala haukuwa umepanda kichwani.

Hiki ni mojawapo ya vyanzo vichache sana, katika karne tatu na nusu tunazozijadili, ambamo mgonjwa anafanya jambo. Anapima, anakisia, anaogopa, anauliza. Ni kweli kwamba tunamsikia kupitia kalamu ya daktari, na jina lake halikuhifadhiwa. Hata hivyo ndiye aliyeipima sainasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Wagonjwa wa maandishi ya baadaye watakuja kwetu kama umri, jinsia na idadi ya vipandikizi.

Hofu ya mwanamke yule haikuwa ya kipumbavu. Elimu iliyorithiwa kutoka kwa Wayunani ilifundisha kuwa kamasi hushuka kutoka kwenye ubongo. Aliyeibomoa elimu hiyo ni Conrad Victor Schneider, profesa wa Wittenberg nchini Ujerumani, katika maandishi yake marefu kuhusu mafua yaliyotoka katika miaka ya 1660. Alionyesha kuwa ute hutengenezwa na utando unaotanda ndani ya pua, na kwamba hakuna njia ya kuuteremsha kutoka ubongoni. Jina lake likaambatana na utando huo, na kwa kuwa utando wa sainasi ni mwendelezo wa ule wa pua, nao ukaitwa kwa jina hilohilo. Schneider hakupandikiza mfupa wala hakuziba tundu lolote. Lakini hoja yake, kwamba utando huu ni kiungo kinachofanya kazi, ndiyo itakayosahauliwa na kurudi tena mwishoni mwa karne ya 20.

Mlango mmoja, nia mbili

Katika karne ya 18 na ya 19 sainasi ilikuwa mahali pa usaha. Ilifunguliwa kupitia shimo la jino lililong'olewa, ikasafishwa, ikaachwa itiririke. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1893, George Caldwell wa New York alieleza upasuaji wa kuingia katika sainasi kupitia ukuta wa mbele wa taya, juu ya mizizi ya meno, na kuifungulia njia nyingine ya kutolea uchafu kuelekea puani. Mwaka 1897 Henri Luc wa Paris alieleza upasuaji unaofanana nao, pasipo kumtegemea Caldwell, na katikati yao, mwaka 1894, Scanes Spicer wa London naye alikuwa ametoa maelezo ya namna hiyo. Historia ilimpoteza Spicer. Upasuaji ukaitwa Caldwell-Luc.

Kiini cha upasuaji huo kilikuwa kuuondoa utando wote. Iliaminika kuwa utando uliougua kwa muda mrefu hauwezi kupona, hivyo ulikwanguliwa mpaka mfupa ukabaki mtupu. Tusiwahukumu madaktari hao kwa haraka. Hawakuwa na antibiotiki, na usaha wa sainasi uliweza kuenea kwenye jicho na kichwani. Lakini itikadi ya kukwangua iliishi muda mrefu kuliko sababu zake. Katika miaka ya 1930 na 1940 Anderson Hilding wa Marekani alionyesha kwa majaribio kuwa silia, yaani vinywele vidogo mno vilivyo juu ya utando, husukuma ute kuelekea kwenye tundu la asili la sainasi hata pale daktari alipotoboa tundu jingine mahali pengine. Walter Messerklinger wa Graz, Austria, aliyetazama sainasi kwa endoskopu, alionyesha baadaye kuwa utando uliodhaniwa kufa hupona wenyewe pindi hewa na njia ya ute vinaporejeshwa. Hoja ya Schneider ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na picha.

Kazi nyingine moja ya kipindi hiki inastahili kutajwa, ingawa wakati wake haikuonekana kuwa na uhusiano wowote na meno bandia. Mwaka 1910 Arthur Underwood wa London alichunguza mafuvu 45 na kukuta ndani ya sainasi zake vikuta vya mfupa 30 vinavyoigawa sakafu. Aliyafanya hayo kwa nia ya anatomia tu. Miaka themanini baadaye vikuta hivyo viliitwa vikuta vya Underwood, kwa sababu ndipo utando unapochanika kwa wepesi: umeshikamana na ukingo mkali, na chombo cha daktari hakina pa kupita. Ni nadra makala ya zamani hivyo kufufuka na kusomwa na watu ambao mwandishi wake asingeweza kuwawazia.

Tukija kwenye meno yenyewe, Per-Ingvar Brånemark wa Gothenburg, Sweden, alikuwa akiweka vipandikizi vya titaniamu kwa wagonjwa tangu 1965, na mkutano wa Toronto wa 1982 uliifanya kazi yake ikubalike Amerika ya Kaskazini. Sehemu ya nyuma ya taya la juu ilibaki kuwa kikwazo kwa sababu mfupa haukutosha. Hapa ndipo Hilt Tatum wa Alabama na Philip Boyne wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, wanapoingia. Tatum alianza kuinua utando na kujaza mfupa katikati ya miaka ya 1970, akawasilisha kazi yake kwa wenzake huko Birmingham, Alabama, mwaka 1976, lakini maelezo yake kamili yalichapishwa 1986. Boyne, akishirikiana na R. A. James, alichapisha mwaka 1980, na mfupa wao wa kujazia ulitolewa kwenye nyonga ya mgonjwa. Kwa hiyo aliyesema kwanza si aliyeandika kwanza, na ubishi wa nani mwasisi unategemea kama msomaji anauheshimu ukumbi au jarida. Mtafiti haoni faida ya kuutatua.

Jambo lenye uzito zaidi ni mlango walioupitia. Boyne na James waliingia katika sainasi kwa njia ya Caldwell-Luc. Ukuta ni uleule, fizi ni ileile, vyombo vingi ni vilevile. Kilichogeuka ni nia: aliyetangulia alivunja mlango ili autoe utando, aliyefuata aliufungua mlango ili auinue na kuulinda. Daktari aliyefunzwa katika miaka ya 1950 na kufanya kazi hadi 1990 angeweza kuyafanya yote mawili kwa mkono mmoja. Mara utando ulipokuwa paa la mfupa mpya, kuchanika kwake kukapata jina, kukapata idadi, na baadaye kukapata madaraja.

Viraka, nyuzi na misumari

Maelezo ya awali kuhusu mpasuko ni mafupi, kana kwamba waandishi wanaona haya. Kufikia miaka ya 1990 haya hiyo ilipungua, kwa sababu upasuaji wenyewe ulikuwa umeenea na mipasuko haikufichika tena. Njia ya kuigundua ilikuwa rahisi: mgonjwa aliye chini ya ganzi hubanwa pua na kuambiwa apulize kwa upole, na daktari hutazama dirishani kama povu linatoka. Kwingine utando mzima huonekana ukipanda na kushuka kufuata pumzi, na kutoyumba kwake ni dalili mbaya.

Ugunduzi wa kwanza wa vitendo ulikuwa wa kutofanya lolote. Tundu dogo lililo mbali na ukingo wa dirisha hujifunga lenyewe utando unapoendelea kubanduliwa, kwani utando uliolegezwa hujikunja na mkunjo ukalifunika tundu. Kinachotakiwa ni kuacha kuvuta pale palipotoboka na kuanza kubandua kutoka upande mwingine, ili mvuto upungue. Hapa methali ya ufa na ukuta inapotosha: kuna ufa ambao kuuziba kwa papara ndiko kunakoubomoa ukuta. Makala za miaka ya 1990 zinaonyesha madaktari wakijifunza subira hiyo kwa gharama ya wagonjwa wao, ingawa hawasemi hivyo.

Kwa matundu makubwa zaidi, nyenzo iliazimwa kutoka tawi jirani. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa magonjwa ya fizi walikuwa wamekuza wazo la kutenganisha tishu kwa pazia ili kila tishu ijijenge mahali pake, na kutokana na wazo hilo zikapatikana karatasi za kolajeni zinazoyeyuka mwilini. Karatasi hizo zililowekwa, zikakatwa kwa ukubwa unaozidi tundu pande zote, zikabandikwa chini ya utando. Kolajeni nyingi ya namna hii hutengenezwa kutokana na ng'ombe au nguruwe. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hilo si jambo la pembeni, kwani mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuuliza kiraka kinachoachwa ndani ya taya lake kimetoka kwa mnyama gani, na jibu linapaswa kutolewa kabla ya ganzi, si baada ya utando kuchanika. Katika makala tulizozisoma, asili ya kolajeni, inapotajwa, hutajwa kama sifa ya bidhaa.

Mwaka 1999 ulikuwa wa pekee. Vlassis na Fugazzotto walichapisha mpangilio wa madaraja matano ya mipasuko kulingana na mahali ilipo kuhusiana na dirisha, na mwaka 2003 wakaupunguza kuwa madaraja matatu. Katika mwaka huohuo wa 1999, Michael Pikos alieleza namna ya kuziba matundu makubwa kwa karatasi ya kolajeni isiyotegemea utando hata kidogo: inakunjwa ipite juu ya ukingo wa dirisha na kupigiliwa kwenye mfupa wa nje kwa misumari midogo. Tofauti kati ya kazi hizi mbili ni ya kifalsafa kuliko inavyoonekana. Wa kwanza wanauliza tundu liko wapi. Wa pili anauliza kiraka kitashikwa na nini. Kwa maoni yetu swali la pili ndilo lililosogeza fani mbele, kwa kuwa kiraka kilichobandikwa juu ya utando uliolegea huteleza mara mfupa wa kujazia unaposukumwa ndani, na tundu hubaki wazi pasipo daktari kujua.

Mwaka 2003 Proussaefs na Lozada walikwenda mbali zaidi kwa njia waliyoiita mfuko wa Loma Linda. Karatasi ya kolajeni hutandazwa katika kuta zote za ndani za mfupa, mfupa wa kujazia humiminwa humo, na midomo ya karatasi hukunjwa kufunika dirisha, mpaka kilichojazwa kimefungwa kama mzigo ndani ya kanga. Ni ubunifu wa kuvutia, ila una ubishi ndani yake. Mfupa mpya hupata damu kutoka kwenye kuta za mfupa wa zamani, na mfuko unaozitenga kuta hizo na mzigo huuchelewesha ugavi uleule ambao mzigo unauhitaji. Njia ya kuimarisha karatasi kwa misumari au nyuzi ilirudiwa na kuboreshwa na Tiziano Testori na wenzake mwaka 2008, wakiwa na ushahidi wa hadubini, nayo haikuhitaji kuufunga mfupa pande zote.

Kushona ni sura ya kusikitisha kidogo. Kwenye karatasi kunaonekana ndiko kufaako zaidi kwa mpasuko wenye kingo mbili. Katika dirisha lenye upana wa sentimita moja na nusu, ndani ya kinywa, kwenye utando wa nusu milimita, sindano yenyewe hutoboa tundu jipya kila inapopita. Walioweza walitoboa kwanza mfupa juu ya dirisha na kuuning'iniza utando hapo kwa uzi. Fibrini yenye wingi wa chembe sahani, iliyokuzwa na Joseph Choukroun nchini Ufaransa tangu 2001, iliwapa wengine njia ya kuukwepa ushonaji: damu ya mgonjwa huzungushwa kwa kasi, hutoa utando laini unaonata, nao huwekwa juu ya tundu. Ina faida ya kutouliza swali la mnyama.

Sambamba na uzibaji palikuwa na juhudi za kuzuia. Mashine ya kuchonga yenye kichwa cha almasi haichagui kati ya mfupa na utando. Mwaka 2001 Tomaso Vercellotti wa Italia alieleza matumizi ya chombo cha piezo, kinachotetemeka kwa mawimbi ya kasi na kukata kitu kigumu huku kikiuacha kilaini. Katika sainasi 21 za wagonjwa 15 alitoboa moja. Mwaka 2007 Stephen Wallace na wenzake waliripoti matundu 7 katika upasuaji 100 uliofuatana. Kisha mwaka 2008 Antonio Barone na wenzake walifanya kile ambacho hakikuwa kimefanyika: wagonjwa 13, kila mmoja sainasi mbili, upande mmoja piezo na wa pili mashine ya kawaida, kwa kura. Utando ulitoboka katika asilimia 30 ya upande wa piezo na asilimia 23 ya upande mwingine. Idadi ni ndogo na haiwezi kumaliza ubishi. Inachoonyesha ni kwamba namba za mvumbuzi na namba za jaribio lenye kura zinaweza kutofautiana mno.

Nani alihesabu, na alihesabu nini

Mnamo Novemba 1996 wataalamu walikutana Wellesley, Massachusetts, katika mkutano wa makubaliano kuhusu sainasi, na taarifa yake ikachapishwa 1998. Takwimu zilikusanywa kutoka kwa madaktari 38: sainasi 1,007 zilizojazwa mfupa na vipandikizi 2,997 katika muda wa miaka kumi, mafanikio yakiwa asilimia 90. Mkutano huu uliuhalalisha upasuaji. Mwanahistoria anapaswa kukumbuka, hata hivyo, kuwa takwimu zilitolewa na wapasuaji wenyewe kutoka katika mafaili yao, kwa kurudi nyuma.

Baada ya hapo swali likawa: utando ukichanika na kuzibwa, je, matokeo ni sawa na ambaye hakuchanika? Majibu yaligongana. Proussaefs na wenzake, mwaka 2004, waliwachunguza watu 12 waliofanyiwa pande zote mbili, upande mmoja ukiwa umechanika na kuzibwa kwa kolajeni na mwingine ukiwa mzima. Upande mzima mfupa hai ulikuwa kama theluthi moja ya sampuli. Upande uliochanika, kama asilimia 14. Vipandikizi vyote vya upande mzima vilishika, vya upande wa pili takribani asilimia 70. Miaka miwili baadaye Ardekian na wenzake, katika sainasi 110 ambamo takribani theluthi moja zilitoboka, hawakupata tofauti yoyote ya maana. Mwaka 2008 Hernández-Alfaro na wenzake, wakiwa na sainasi 474 na matundu 104, waliyagawa matundu kwa ukubwa. Chini ya milimita 5, vipandikizi vilivyodumu vilikuwa asilimia 97. Kati ya milimita 5 na 10, asilimia 92. Zaidi ya milimita 10, asilimia 74.

Tukizisoma kazi hizi tatu kwa vitenzi vyetu vya awali, mgongano unapungua. Kilichotoboka kinazibika karibu bila hasara. Kilichoraruka hakirudi kuwa kama kizima, hata kiraka kiwe kizuri namna gani. Mapitio ya Pjetursson na wenzake ya mwaka 2008 yalipata wastani wa matundu wa asilimia 19.5, lakini ripoti moja moja zilianzia 0 hadi 58.3. Wastani wa vitu vilivyotawanyika hivyo hausemi mengi kuhusu mkono wa daktari fulani. Unasema zaidi kuhusu nani aliangalia kwa makini na nani aliita nini tundu.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, Stefan Lundgren na wenzake nchini Sweden walitoa mwaka 2004 matokeo yaliyoutikisa msingi wenyewe. Waliinua utando, wakaacha vipandikizi viushikilie kama nguzo za hema, hawakujaza mfupa wowote, na mfupa ukaota ndani ya damu iliyoganda. Ikiwa ni hivyo, utando si paa la kuzuia chembe tu. Ni ukuta wa chumba ambamo mwili hujijengea. Mfupa wa kujazia unapokosekana, hoja ya chembe kupenya nayo inapungua nguvu, lakini haja ya utando kubaki mzima inabaki palepale, kwani nafasi isiyozibwa haishiki damu.

Lipo kundi moja ambalo halimo katika idadi yoyote kati ya hizi kwa namna tunayoihitaji. Utando uliporaruka kupita kiasi, ushauri wa kawaida ulikuwa kufunga fizi, kusubiri miezi kadhaa utando uote upya, na kujaribu tena. Mgonjwa wa namna hii aliamka na fizi iliyoshonwa, uso uliovimba, na bila kitu chochote kilichowekwa. Asiporudi, hana kipandikizi. Na kwa kuwa kipimo cha mafanikio katika karibu maandishi yote haya ni idadi ya vipandikizi vilivyodumu kati ya vilivyowekwa, yeye hayumo juu wala chini ya mstari wa sehemu. Kumpata kunahitaji mafaili ya kliniki yenyewe, hasa madaftari ya chumba cha upasuaji ya miaka ya 1985 hadi 2000, ambayo mengi yako mikononi mwa kliniki binafsi na hayajawahi kufunguliwa kwa wanahistoria.